Mhariri, sisi walimu wanafunzi tupimwe TEHAMA tukiwa darasani, sio kwenye karatasi ya mtihani

Ndugu Mhariri,

Shikamoo na pole na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua hii ni ndefu lakini nimeirudia mara tatu sijaona cha kukata, maana jambo lenyewe linatugusa sisi tunaokwenda kuwa walimu na linawagusa zaidi watoto tutakaowakuta huko madarasani.

Mimi ni mwanachuo wa ualimu, mwaka wa pili, nasomea stashahada, masomo yangu ya kufundishia ni Fizikia na Hisabati. Juzi juzi nimetoka BTP, yaani yale mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule moja ya kata huku Singida, shule ya kutwa, pembeni mashamba ya alizeti pande zote, na Kidato cha Pili nilichokabidhiwa kina wanafunzi 74 kwenye chumba kimoja. Sitataja shule wala chuo, kwa sababu sijaandika kumchongea mtu na walimu niliowakuta pale walinipokea kama mtoto wao, nasema hilo kutoka moyoni.

Ninachotaka kusema ni kimoja tu. Chuoni tunafundishwa TEHAMA ya kujibia mtihani, hatufundishwi TEHAMA ya kufundishia. Mitihani nimefanya, nimekariri sifa za kompyuta, nimekariri tofauti ya RAM na ROM, nimechora kibodi nikaweka mishale, na alama nimepata nzuri tu. Ila muda wote huo hakuna siku hata moja niliyoambiwa haya, simama mbele, wenzako hawa ndio wanafunzi wako 70, una simu yako moja mkononi na umeme umekatika, tufundishe mkondo wa umeme mpaka yule wa benchi la nyuma kabisa aelewe. Hiyo siku haikuwepo. Sasa mtu unatoka chuoni unajua kompyuta ni nini lakini hujui ukiwa nayo mbele ya watoto unaanzia wapi, na BTP yenyewe wiki zake ni chache, ukishakosea wiki mbili ndo zimeondoka.

Mimi nilikosea. Wiki ya pili nikasema ngoja nifundishe kisasa, nikaazima projekta kwa binamu yangu mwenye banda umiza, ile anayoonyeshea mpira, nikaibeba kwenye bodaboda nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Kufika shuleni, umeme uko ofisi ya walimu peke yake, nikaunga eksitensheni mbili waya ukapita dirishani hadi darasani. Darasa lenyewe madirisha hayana vioo wala mapazia, ni nondo tu, na jua la saa tano la Singida mnalijua, picha ukutani ikawa kama moshi, unaona kitu kinacheza lakini hujui ni nini. Tukaazima khanga mbili na shuka tukaziba madirisha, hapo sasa giza na joto, watoto 74. Na video yenyewe sikuwa nimeipakua, nilikuwa naivuta moja kwa moja mtandaoni kwa bando la simu yangu, ikawa inazunguka, inacheza sekunde tano, inazunguka tena. Kipindi ni dakika 40, dakika 25 zikaishia kwenye waya na khanga. Msichana mmoja wa mbele akaniuliza taratibu kabisa, Madam, tuandike nini? Sikuwa na jibu. Siku ile nilirudi nilikopanga nikiwa na uchungu sana, sio kwa ajili ya projekta, ni kwa ajili ya ile dakika 25 ya watoto wa watu ambao wengine wanatembea zaidi ya saa nzima kufika shule.

Usiku nikakaa na andalio langu la somo nikajiuliza swali ambalo naona ndilo lilitakiwa kuwa la kwanza kabla ya projekta na kabla ya video. Kwenye mada hii, ni kitu gani chaki haiwezi? Maana saketi ubaoni naichora vizuri tu, betri naichora, balbu naichora, swichi naichora. Nisichoweza kuchora ni mwendo. Mtoto anaona mstari umetoka kwenye betri umeingia kwenye balbu umerudi, lakini ndani ya huo mstari kinaendelea nini haoni, kwa hiyo anajijazia mwenyewe kichwani, na anachojijazia karibu kila mahali ni kile kile, kwamba umeme unatoka kwenye betri, unafika kwenye balbu, balbu inaula, kinachorudi ni makapi. Hata mimi niliamini hivyo mpaka Kidato cha Nne, na nilifaulu Fizikia.

Kuna mwenzangu wa chumba chuoni alikuwa amenipa flashi yenye vitu vya PhET. Kwa asiyefahamu, PhET ni majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta, yalianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani na Carl Wieman, mwanafizikia ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepata Tuzo ya Nobel. Ni bure, baadhi yametafsiriwa mpaka kwa Kiswahili, na kilichonifurahisha mimi mtu wa bando la kubahatisha ni kwamba jaribio moja ni faili moja, unalipakua mara moja, unalifungua kwenye kompyuta bila intaneti kabisa. Lile la saketi unaunga mwenyewe betri, waya na balbu, halafu elektroni unaziona ndani ya waya kama vidonge vya bluu vinatembea. Ukiongeza betri zinakimbia. Ukiongeza balbu nyingine kwenye mstari ule ule zinapunguza mwendo saketi nzima, sio pale kwenye balbu tu. Ukichomoa waya sehemu yoyote zinasimama zote kwa mara moja.

Sasa nina kifaa, lakini bado nina watoto 74 na projekta nimeshairudisha kwa mwenyewe. Mwalimu wa taaluma akaniazima laptopu yake, nikaichaji ofisini mpaka ikajaa. Siku ya dabo, vipindi viwili vimeungana, nikawagawa makundi sita na vituo sita, kila kituo dakika 12, kengele ikilia kila kundi linasogea. Kituo kimoja laptopu. Vituo viwili betri za tochi, balbu ndogo za tochi na vipande vya waya, nilivinunua gulioni na havikufika hata elfu kumi. Viwili vina maswali kwenye manila. Kimoja kina kurasa za kitabu cha TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, nilizozitoa kwenye maktaba yao ya mtandaoni, pale vitabu vya kiada vinasomwa bure na wanachuo wengi hawajui hilo. Watoto 12 kwenye laptopu moja inawezekana, wa mbele wanakaa chini, wa kati wanapiga magoti, wa nyuma wanasimama, na nilikuwa na sheria moja, anayeshika kompyuta anabadilika kila dakika mbili.

Kabla hawajaanza niliwauliza swali moja tu, balbu mbili ziko kwenye mstari mmoja, ipi itawaka zaidi, ya kwanza, ya pili, au sawa? Zaidi ya nusu ya darasa mikono ikaenda kwa ya kwanza, na sababu wanayo, kwamba ya kwanza ndo inaanza kula. Sikuwasahihisha. Nikawaambia nendeni mkaangalie.

Kundi la kwanza kwenye laptopu walianza kwa kuunga waya moja kwa moja kutoka upande mmoja mpaka upande wa pili wa betri, betri ikawaka moto kwenye kioo, wakapiga kelele mpaka darasa la jirani wakachungulia. Nikawaacha, maana hapo ndo mahali pa kuunguza betri bila mtu kuumia. Halafu wakaweka balbu mbili. Kukawa kimya. Kijana mmoja mrefu wa benchi la nyuma, ambaye kwa wiki mbili sikuwa nimesikia sauti yake, akaweka kidole kwenye kioo akawa anafuata kidonge kimoja cha bluu, kinaingia balbu ya kwanza, kinatoka, kinaingia ya pili, kinatoka, kinarudi kwenye betri. Akawageukia wenzake akasema, "We angalia, zinarudi zote. Hakuna iliyoliwa." Mwenzake akabisha, wakavutana, wakahamia kwenye balbu za tochi wakaunga za kweli, zikawaka hafifu lakini sawa. Yote hayo wanabishana kwa Kiswahili, tena Kiswahili chenye Kinyaturu ndani, halafu kwenye madaftari wanaandika Kiingereza maana ndiyo lugha ya mtihani wa sekondari, na mimi nikaona faida nyingine ambayo sikuitegemea, kwamba kile kidonge cha bluu kinachotembea hakisubiri mtoto ajue Kiingereza kwanza.

Halafu ndo likaja swali. Msichana yule yule aliyeniuliza siku ya projekta tuandike nini, akanyoosha mkono. "Madam, sasa kama umeme haupungui, unarudi wote, LUKU inakata nini?"

Mhariri, nimesoma Fizikia miaka yote hii na hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Na ukiangalia, lisingekuja bila yale waliyoyaona kwa macho yao. Nikaacha nilichopanga kwa dakika zile za mwisho. Nikawaambia tuchukue baiskeli, mnyororo unazunguka, unakwenda nyuma kwenye tairi unarudi mbele, kuna pingili inayoliwa na tairi? Hakuna. Zote zinarudi. Sasa mbona anayeendesha anatoka jasho na njaa inamshika? Wakasema kwa sababu ametumia nguvu. Basi LUKU haihesabu pingili za mnyororo, inahesabu lile jasho, inahesabu nishati, na uniti moja ya LUKU ni kilowati moja kwa saa moja, yaani balbu ya wati 10 ukiiwasha saa 100 ndo umemaliza uniti moja. Wakaanza kupiga hesabu za pasi na za balbu za kwao wenyewe bila kuambiwa. Kengele ya kubadili somo ikalia wamo bado.

Sisemi laptopu ilifundisha. Laptopu ingekuwa peke yake bila zile betri za gulioni wangesema ni katuni, na betri peke yake bila laptopu wangeona balbu zinawaka sawa wasijue kwa nini. Ninachosema ni kwamba mpangilio ule, wa kujua kifaa kikae kituo gani, kwa dakika ngapi, kifuatiwe na nini, ndiyo kazi ya ualimu, na hiyo mimi niliibahatisha baada ya kupoteza kipindi cha watu. Ilitakiwa niikosee chuoni mbele ya wenzangu na mkufunzi wangu akanikosoa, sio mbele ya watoto.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Msimamizi aliyekuja kunikagua alinikuta na mpangilio wa vituo, siku nyingine, mada nyingine, laptopu ipo. Baada ya kipindi akaniita pembeni, akasema kwa upole kabisa, mwanangu hii kompyuta ni ya kuazima, shule haina, kesho ukiondoka au mwenyewe akiitaka utafundishaje? Akasema kwenye fomu sehemu ya zana yeye anaangalia zana halisi, mabango na vitu vya mazingira, kwa hiyo mkaguzi wa pili akija nisijiponze, nitumie manila. Na mimi nikatumia manila, nikapata alama zangu. Nimelifikiria sana lile jambo. Kwenye nusu ya kwanza alikuwa sahihi na nimemshukuru, zana inayoondoka na mwalimu haijaacha kitu. Lakini nusu ya pili siikubali, kwa sababu fomu ikishakuwa hivyo basi kila mwanachuo mwenye akili ataificha simu yake na laptopu siku ya ukaguzi, na mtu akizoea kuficha kitu miaka miwili hawezi kukitoa akishaajiriwa.

Na simu ndiyo kabisa. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni na sababu tunazijua sote, sitaki kuingia huko. Lakini hata ya mwalimu, ukiishika darasani mtu akipita dirishani anajua unachati. Mimi nilikuwa nikitaka kutumia simu kupima muda wa vituo natangaza kwanza kwa sauti, naweka saa, ili asije mtu akaelewa vibaya. Wakati kwenye Hisabati simu ile ile ina GeoGebra, programu aliyoianza Markus Hohenwarter wa Austria akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukishaipakua inafanya kazi bila bando, unamwonyesha mtoto mstari wa y = mx + c, unasogeza m mstari unainuka, unasogeza c unapanda juu mzima mzima. Ubaoni ningechora mistari sita na bado asiamini ni mstari mmoja unaosogea. Kwenye kundi la watoto wanane simu inatosha, kwa darasa zima haitoshi, na hilo nalo ni la kufundishwa, kujua kifaa kinaishia wapi.

Vingine nilivijaribu vikanishinda, navitaja ili mwenzangu asipoteze muda. Kuna Plickers, wazo lake ni zuri mno kwa shule zetu kwa sababu watoto hawahitaji simu, kila mmoja anashika karatasi yenye alama yake, anaigeuza juu iwe A, B, C au D, mwalimu anapitisha kamera ya simu yake majibu yote yanaingia. Lakini seti kubwa ya kadi zao inaishia 63 na mimi nina 74, halafu inataka intaneti, kwa hiyo darasa langu haliingii. Nikachukua wazo nikaacha programu. Kila mtoto akakata karatasi ya daftari vipande vinne akaandika herufi, nikihesabu tatu wote wanainua kwa pamoja, na mimi kwa macho tu najua darasa limelalia wapi. Hiyo ndiyo nitaibeba popote nitakapopangiwa.

Na akili mnemba, maana wenzangu wengi siku hizi andalio la somo linatoka huko, unaandika mada unapewa kila kitu, unanakili. Nilijaribu kuomba andalio la mkondo wa umeme kwa Kiswahili nikaletewa maelezo marefu ya "umeme wa sasa". Umeme wa sasa! Neno la Kiingereza, "current", lina maana mbili, mkondo na -a sasa, programu ikachukua ile isiyohusika, na ukisoma haraka hushtuki kwa sababu sentensi zimenyooka. Mwalimu anayejua somo lake atalikamata hilo, mwanachuo anayenakili usiku wa manane kesho ana ukaguzi hawezi. Sisemi tusiitumie, mimi huwa naiomba initungie maswali 20 halafu nachagua matano na kuyarekebisha, lakini hata huko kuna namna ya kuipima ambayo mtu anatakiwa afundishwe na mkufunzi wake, sio aambiwe tu msiitumie halafu kila mtu anatumia kimya kimya.

Najua watakaosoma hapa watasema huyu binti anazungumzia kompyuta wakati shule hazina madawati. Nawaelewa. Mimi mwenyewe mwaka 2020 nilikuwa Kidato cha Pili, shule zikafungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, mpaka tunarudi ilikuwa Juni 29, vipindi vya masomo vikawa vinarushwa redioni na kwenye TV, na TV ilikuwa kwa jirani, tunakaa mkekani watoto tisa wa madarasa tofauti, mwalimu wa kwenye TV anafundisha vizuri kabisa lakini ukiwa hujaelewa hakuna wa kumwambia rudia. Kwa hiyo sio kwamba nimedanganywa na kioo. Najua kioo bila mwalimu kinafika wapi. Na mifano mikubwa ipo, Peru walisambaza zile laptopu ndogo za One Laptop per Child kwenye shule za vijijini, utafiti uliofanyika kwenye shule 319 na kutolewa mwaka 2012 haukuona kwamba watoto wamepanda kwenye Hisabati wala kwenye lugha. Kompyuta zilikuwepo, mikononi mwa watoto wenyewe, na ufundishaji ukabaki ule ule.

Kwetu hapa serikali ilifanya jambo la maana, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vikaenda kwa walimu. Hata shule niliyokuwa vipo. Lakini nilichoona kwa macho yangu vinatumika zaidi kuandikia taarifa na kujaza matokeo, na siwalaumu wenye navyo hata kidogo, kwa sababu nani alikaa nao akawaonyesha kipindi kizima, dakika 40, watoto 74, kishikwambi kimoja, kinafundishwaje? Kama mwalimu wa miaka 15 kazini hajaonyeshwa, na mimi ninayetoka chuoni sijaonyeshwa, basi atakayemwonyesha mwenzake hayupo.

Ombi langu kwa wizara na kwa wakuu wa vyuo ni hili. Kwenye yale mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe kabla ya BTP, kila mwanachuo afundishe angalau somo moja kwa kifaa kimoja, bila intaneti, na katikati ya kipindi mkufunzi azime umeme makusudi tuone mtu anaendeleaje. Hiyo ndiyo iwe alama ya TEHAMA, nusu ya mtihani au hata zaidi, badala ya kutaja sehemu za kompyuta. Fomu ya ukaguzi nayo iongezwe sehemu ya kuuliza mwanachuo ametumia kifaa gani, kwa nini chaki isingetosha, na kikiharibika alikuwa amejiandaa vipi, hapo hakuna atakayeficha na hakuna atakayeleta projekta ya kujionyesha. Na kila chuo kiwe na mkusanyiko wake wa vitu visivyohitaji bando, vitabu vya TET, majaribio ya PhET, Wikipedia ya Kiswahili ambayo kwa programu ya Kiwix inasomeka bila mtandao, kuna na Kolibri ambayo kompyuta moja inawarushia wengine masomo bila intaneti ya nje, mwanachuo akienda BTP anapewa kwenye flashi kama anavyopewa barua ya utambulisho. Flashi sio ghali.

Na kwa walimu wakongwe mnaosoma gazeti hili, mnaofundisha madarasa ya 70, 80, na mmepata njia zenu, naomba mwandike. Mhariri akiwapa hata robo ukurasa kwa wiki, mwalimu mmoja, somo moja, kifaa kimoja, alifanyaje na kilimkwamisha nini, sisi wa vyuoni tutakata tutabandika bwenini.

Siku ya mwisho ya BTP nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma kurudisha chaja. Yale majaribio tayari nilikuwa nimeyanakili kwenye laptopu yake na kwenye kompyuta ya ofisi, na kasha la betri na balbu nikamwachia mwalimu wa Fizikia pamoja na zile manila. Kesho yake niko kituo cha mabasi nasubiri gari, akanipigia huyo wa Fizikia, anasema Kidato cha Pili wamemkatalia, wanataka vituo, na lile faili la saketi halioni, niliweka folda gani? Tukakaa kwenye simu mpaka akalipata.

Wako katika kazi,
Mwanachuo wa ualimu, mwaka wa pili,
Singida.